Majibu kwa Wasomaji: Samaki Anapougua Katika Tangi Jipya

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu samaki wa mapambo wanaougua muda mfupi baada ya kuletwa nyumbani. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko zote kwa sababu mambo iliyoyaeleza ndiyo yanayoua samaki wengi wa wafugaji wapya.

Swali: Kwa mshauri wa safu hii, salaam. Mwezi uliopita tuliwanunulia watoto tangi la kioo la lita 60, samaki dhahabu sita wenye mikia mipana, changarawe, pampu ya hewa na chujio dogo la sifongo. Tulijaza maji ya bomba asubuhi, na samaki tukawatia siku hiyohiyo. Juma la kwanza walikuwa wachangamfu. Baadaye maji yakaingia ukungu mweupe, nasi tukidhani ni uchafu tukamwaga maji yote, tukaosha changarawe na sifongo kwa maji ya bomba mpaka vikatakata, kisha tukajaza upya. Tangu hapo samaki wawili wamekufa. Waliobaki wanakaa juu ya maji wakipanua vinywa, mapezi wameyabana mwilini, na mmoja ana michirizi myekundu kwenye mkia. Muuzaji amenishauri niwatilie unga wa vidonge vya tetrasaikilini. Je, nifuate ushauri huo? Watoto nao wanauliza kama ni wao waliowaua samaki kwa kuwalisha mara nyingi. — Mama S., Tabata, Dar es Salaam.

Jibu: Mama S., pole sana, na tafadhali utufikishie pole zetu kwa watoto. Vidonge hivyo usivitie. Dalili ulizozieleza, yaani samaki kuvutia hewa juu ya maji, kubana mapezi na kutokwa na michirizi myekundu, zikitokea katika tangi ambalo halijatimiza miezi miwili, huonyesha kwanza kabisa kwamba maji yenyewe yana sumu. Samaki wako wanahitaji maji mazuri leo hii kabla ya kufikiriwa dawa ya aina yoyote, na waliobaki wanaweza kupona ukianza mara moja.

Samaki hutoa taka ya mwili wake hasa kwa njia ya mashavu anayopumulia, na taka hiyo ni amonia. Chakula kinachobaki chini na kinyesi vikioza hutoa amonia pia. Mtoni au ziwani amonia hiyo huchanganyika na maji mengi mno kiasi cha kutomdhuru samaki, lakini katika lita 60 haina pa kwenda, na hivyo samaki sita wanaishi kama watu waliofungiwa chumba kimoja kisicho na dirisha, wakapikia na kujisaidia humohumo. Amonia huunguza mashavu, na mashavu yakiungua samaki hushindwa kuvuta oksijeni hata kama pampu inatoa mapovu mchana na usiku. Ndiyo maana unawaona wakipanda juu.

Tangi lililokomaa lina bakteria wanaoiondoa sumu hiyo. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili vizuri zaidi na ambayo sisi huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila juma. Bakteria hao hawaelei ndani ya maji kwa wingi. Hujishikiza kwenye sifongo la chujio, kwenye changarawe na kwenye kuta za kioo. Katika tangi jipya hawapo, na huchukua kama majuma 4 hadi 6 kuongezeka mpaka waitosheleze kazi. Kwa kawaida amonia hupanda kwanza, kisha huanza kushuka huku nitriti ikipanda, na mwishowe zote mbili hufika sifuri. Samaki anayetiwa siku ya kwanza hulazimika kuvuka kipindi hicho chote akiwa ndani ya sumu.

Ule ukungu mweupe haukuwa uchafu wa kuoshwa. Ulikuwa ni bakteria wa aina nyingine, wanaostawi ghafla penye mabaki mengi ya chakula, na aghalabu hutoweka wenyewe baada ya siku chache chakula kikipunguzwa. Ulipomwaga maji yote na kuosha sifongo kwa maji ya bomba, klorini, dawa ya kuua vijidudu iliyomo katika maji hayo, iliwaua bakteria wachache waliokuwa wameanza kujijenga, na tangi likarudi kuwa jipya wakati samaki walikuwa tayari wamedhoofika. Tena, kama maji hayo yalitiwa moja kwa moja kutoka bombani, klorini iliyagusa na mashavu yao pia. Sikulaumu hata kidogo, kwa kuwa mtu yeyote mwenye kupenda usafi angefanya vivyo hivyo, na duka lililokuuzia tangi lilipaswa kukueleza haya kabla hujalipa.

Sasa tuje kwenye kazi ya leo. Toa nusu ya maji kwa mpira mwembamba, ukiufyonzesha juu ya changarawe ili uondoke na mabaki ya chakula na kinyesi, kisha rudisha maji mengine kiasi hichohicho yaliyoondolewa klorini. Kama dukani kuna dawa ya matone ya kuondoa klorini, inunue, kwa maana hufanya kazi ndani ya dakika chache na bei yake ni ndogo ukilinganisha na samaki utakaowaokoa. Kama huipati, kinga maji kwenye ndoo pana zisizowahi kutiwa sabuni, yaache wazi kwa saa 24, na ukiweza utie humo bomba la pampu ya hewa ili klorini itoke upesi zaidi. Maji yaliyolala katika tangi la kuhifadhia maji la nyumbani kwa siku moja au mbili huwa pia yamepoteza sehemu kubwa ya klorini. Zipo mamlaka za maji duniani zinazochanganya klorini na amonia ili dawa idumu kwenye mabomba, na mchanganyiko huo hauondoki kwa kulaza maji. Anayeishi penye maji ya namna hiyo hana budi kutumia dawa ya matone. Joto la maji mapya lisitofautiane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 2, na yamimine taratibu.

Rudia kubadilisha theluthi moja hadi nusu ya maji kila siku mpaka samaki waache kuvutia hewa juu, kisha uendelee kila baada ya siku moja au mbili kulingana na vipimo. Changarawe usiitoe tena, na sifongo usilioshe kwa maji ya bomba kamwe. Likiziba, likamulie ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tangi, ulirudishe lingali na rangi ya kahawia; rangi hiyo ndiyo makazi ya bakteria unaowahitaji.

Chakula kisitishe kwa siku mbili au tatu. Najua jambo hili huwa gumu kwa watoto, kwa kuwa kulisha ndiyo furaha yao kubwa, lakini samaki dhahabu mzima hustahimili siku kadhaa bila kula, na kila punje anayokula katika hali hii hurudi kuwa amonia. Baada ya hapo mpe mara moja kwa siku, kiasi kidogo kitakachokwisha ndani ya dakika mbili. Kuhusu swali lao, waambie kwamba chakula kingi kiliongeza taka, lakini hata kwa ulishaji wa uangalifu samaki sita katika tangi jipya la lita 60 wangeugua. Wape kazi nyingine ya kuwatunza: mmoja asome kipimajoto kila jioni, na mwingine aandike daftarini matokeo ya vipimo vya maji.

Vipimo hivyo ndivyo ununuzi ninaousisitiza kuliko dawa zote zilizopangwa kwenye rafu. Tafuta kifurushi cha matone au vijiti vya kupimia amonia, nitriti, nitrati na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (7 ni katikati, chini yake ni machachu). Amonia na nitriti zinatakiwa kuwa sifuri, na nitrati isipite miligramu 40 kwa lita. Ukiona amonia au nitriti imefika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo. Angalia na pH pia, kwa sababu amonia ileile huwa hatari zaidi katika maji yenye pH ya juu: ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara 10. Joto nalo huiongeza. Kwa hiyo kiasi ambacho hakimdhuru samaki wa Mbeya kinaweza kumuua samaki wa Dar es Salaam mwenye maji ya nyuzi 29.

Chumvi inaweza kukusaidia wakati nitriti inapopanda. Nitriti hupenya kwenye mashavu, ikaiharibu damu isiweze kubeba oksijeni, na mashavu ya samaki hugeuka kutoka wekundu kuwa na rangi ya kahawia. Kloraidi iliyomo ndani ya chumvi hushindana na nitriti kwenye njia hiyo ya kupenyea na kuizuia isiingie. Gramu 1 kwa kila lita yatosha, yaani gramu 60 kwa tangi lako. Ipime kwa mizani ya jikoni, kwa maana vijiko hutofautiana sana. Tumia chumvi ya mawe isiyoongezwa kitu, iyeyushe kwanza ndani ya jagi, kisha uimimine kidogo kidogo kwa muda wa saa kadhaa. Unapobadilisha maji, rudisha chumvi ya yale maji uliyoyatoa tu: ukitoa lita 30, utarudisha gramu 30. Chumvi haivukizwi pamoja na maji, na wengi wamewaumiza samaki kwa kuiongeza upya kila mara.

Narudi kwenye tetrasaikilini, kwa sababu ushauri huo umeenea sana na unanisikitisha. Dawa hiyo haina uwezo wowote juu ya amonia. Katika maji yenye madini mengi hushikamana na kalsiamu na kupoteza nguvu, na ile sehemu inayobaki na nguvu inaweza kuwaua bakteria wa chujio, hivyo sumu ikazidi. Isitoshe, kumwaga dawa za binadamu ndani ya maji na kisha kuyatupa maji hayo mferejini husaidia vijidudu kuwa sugu. Kama vipimo vitasoma sifuri kwa siku kadhaa na bado mkia unaendelea kuoza au vidonda vinaongezeka, hapo ndipo utakapotafuta daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa samaki akaangalie na kuchagua dawa.

Njia ya kufupisha kipindi hiki ipo, ingawa wauzaji wachache huitaja. Mtafute mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sifongo lake chafu, ukilete nyumbani kikiwa kimelowa maji ya tangi lake, na ukiweke ndani au kando ya chujio lako muda uleule. Humo mna bakteria waliokomaa, na tangi linaweza kutulia ndani ya siku chache badala ya majuma. Sharti pekee ni uwe na hakika kwamba samaki wake hawana ugonjwa, kwa kuwa vimelea navyo husafiri na sifongo.

Mwisho, Mama S., hata wakipona, lita 60 haziwatoshi samaki wanne wa aina hii. Wana asili ya China, wanapenda maji ya nyuzi 18 hadi 24, hula sana, huchafua sana, na hata wale wa umbo la mviringo huweza kufikia sentimita 15 au zaidi. Maji ya joto la pwani hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na kwa hiyo wamebanwa pande mbili. Ningekushauri ubaki na mmoja au wawili na uwagawe wengine kwa mtu mwenye tangi kubwa au kidimbwi chenye kivuli, au upange kununua tangi la lita 150 na kuendelea. Kwa anayeanza akiwa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, samaki wadogo aina ya gapi huendana vizuri zaidi na joto la huko.

Swali: Samaki wangu wamejaa vidoa vyeupe mithili ya punje za chumvi kwenye mwili na mapezi, na wanajisugua kwenye mawe. Tangi lina miezi miwili na vipimo vya amonia na nitriti ni sifuri. Vidoa vilianza kwa samaki mmoja niliyemnunua juzijuzi. Nilitia dawa siku mbili, vidoa vikapungua, nikaacha. Sasa vimerudi kwa samaki wote. Nyumbani kwetu usiku kuna baridi na sina hita. — K., Nairobi.

Jibu: Ndugu K., maelezo yako yanalingana na ugonjwa wa vidoa vyeupe, unaoletwa na kimelea kidogo mno kisichoonekana kwa macho kabla hakijajifunika chini ya ngozi ya samaki. Kabla ya yote, hakikisha vidoa havipo kwenye vifuniko vya mashavu na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani peke yake. Samaki dhahabu dume anayekaribia kuzaliana hutoa vipele vyeupe mahali hapo, vimejipanga vizuri, na huyo hana ugonjwa wowote. Vikiwa vimetawanyika mwili mzima, na samaki wanajisugua, basi ni kimelea.

Dawa yako haikushindwa, uliiacha mapema. Kimelea kikiwa ndani ya ngozi ya samaki hakifikiwi na dawa. Kikishiba hudondoka chini, hujifunga ndani ya gamba na kujigawa kuwa mamia ya vitoto, na hapo pia dawa haikifikii. Vitoto hivyo vinapotoka na kuogelea kutafuta samaki mwingine, ndipo dawa huviua. Vidoa vilivyopotea baada ya siku mbili vilikuwa vimedondoka kwenda kuzaana. Kwa maji ya nyuzi 25 au zaidi mzunguko huo humalizika kwa muda wa kama juma moja, lakini katika maji ya baridi unaweza kuvuta majuma kadhaa, na ndiyo sababu tiba isiyo na hita Nairobi, hasa katika miezi ya Juni na Julai, huwa ndefu na huwachosha wengi kabla haijakamilika.

Nunua hita yenye kidhibiti cha joto. Kama samaki wako ni wa maji ya joto, pandisha polepole hadi nyuzi 28, usizidishe nyuzi 2 kwa siku, na uongeze hewa kwa sababu oksijeni hupungua joto linapopanda. Samaki dhahabu nao hustahimili nyuzi hizo kwa muda wa tiba tu. Fyonza changarawe kila siku, maana magamba ya vimelea hulala humo, na urudishe maji yaliyoondolewa klorini. Kwa dawa una njia mbili: chumvi ya gramu 2 hadi 3 kwa lita, iliyofikiwa kwa hatua ndani ya siku mbili, au dawa ya dukani iliyotengenezwa kwa ugonjwa huu, ambayo nyingi zina rangi ya kijani ya malakaiti. Usichanganye mbili hizo bila maelekezo. Kambare na samaki wengine wasio na magamba, pamoja na mimea, huumia upesi kwa chumvi na kwa malakaiti. Kwao anza na nusu ya kipimo na uwaangalie. Dawa ya malakaiti ni sumu kwa binadamu pia, kwa hiyo vaa glavu na usiitumie kabisa kwa samaki watakaoliwa. Toa makaa ndani ya chujio kama yapo, kwa sababu hunyonya dawa.

Endelea na tiba kwa siku 7 hadi 10 baada ya kidoa cha mwisho kutoweka. Siku zijazo, samaki yeyote mpya umweke peke yake ndani ya beseni au tangi dogo lenye hewa kwa majuma matatu au manne kabla ya kumchanganya na wenzake, na wavu unaotumia huko usiuingize kwenye tangi kubwa.

Swali: Huku kwetu maji ni ya kisima na yana chumvichumvi, na umeme hukatika mara kwa mara, wakati mwingine usiku kucha. Asubuhi hukuta samaki wako hoi. Nifanyeje? — Bi. Z., Mombasa.

Jibu: Bi. Z., maji ya kisima kwa kawaida hayana klorini, na hilo ni afadhali, lakini mara nyingi yana madini mengi na pH ya juu, kwa hiyo amonia kidogo tu yatosha kuwadhuru samaki. Usijaribu kuishusha pH kwa ndimu wala siki; itashuka ghafla na kupanda tena, na mabadiliko hayo huumiza kuliko pH ya juu isiyobadilika. Ni bora uchague samaki wanaoyapenda maji hayo. Samaki aina ya moli huishi vizuri kwenye maji magumu yenye chumvi kidogo, na samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana pH inayokaribia 9, hawasumbuliwi na madini. Maji ya kisima hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo, hivyo yapulizie hewa kwa saa kadhaa kabla ya kuyatumia.

Kuhusu umeme, kinachowamaliza samaki kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri hupatikana, na ni kinga nzuri kwa mwenye tangi mahali penye kukatika umeme. Usipokuwa nayo, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamimine kutoka juu kidogo, mara kwa mara, na ufungue kifuniko. Usiwalishe mpaka umeme urudi. Jambo la pili husahaulika: bakteria wa chujio nao wanahitaji oksijeni, na chujio lililofungwa likisimama usiku kucha, wengi hufa na maji yaliyomo huoza. Kabla ya kuliwasha tena, mwaga maji yaliyobaki ndani yake, suuza sifongo katika maji ya tangi, halafu pima amonia kila siku kwa siku nne au tano. Idadi ya samaki iwe ndogo kuliko ile ambayo tangi lingebeba kama umeme ungekuwa wa uhakika.

Swali: Nina samaki dhahabu wa mviringo ambaye amekuwa akielea tumbo juu. Nimebadilisha maji na vipimo ni vizuri. Jirani ananiambia nikamwachie ziwani apate nafasi. Je, kuna tumaini? Na kama hakuna, niyamalizeje mateso yake? — M., Mwanza.

Jibu: Ndugu M., tumaini bado lipo kama magamba yake yamelala na ana hamu ya kula. Samaki wa umbo la mviringo wana nafasi finyu tumboni, na utumbo ukijaa huubana ule mfuko wa hewa unaowasaidia kusimama sawa majini. Mnyime chakula kwa siku mbili au tatu, kisha mpe kipande cha njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Chakula kikavu kilowekwe kabla ya kumpa, tena kile kinachozama. Punguza kina cha maji ili asihangaike. Ukiona mwili umevimba na magamba yamesimama pande zote, basi viungo vya ndani vimeshindwa, na wachache sana hupona.

Ziwani usimpeleke kwa hali yoyote. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilitoweka baada yake. Magugu maji yanayowatesa wavuvi wa hapo Mwanza yalikuwa ni mmea wa mapambo kabla hayajafika ziwani. Samaki mgonjwa hubeba vimelea ambavyo samaki wa huko huenda hawajawahi kukutana navyo.

Ikiwa mateso yamezidi, yapo mafuta ya karafuu, yanayouzwa madukani na ambayo wataalamu huyatumia kumlaza samaki usingizi. Tia samaki katika chombo chenye lita moja ya maji ya tangi lake. Katika chupa ndogo yenye maji ya uvuguvugu tikisa kwa nguvu tone moja au mawili ya mafuta hayo mpaka yawe meupe, kisha umimine taratibu. Baada ya dakika chache atalala ubavu. Alipokwisha kulala, tikisa vivyo hivyo matone mengine 10 na uyamimine yote. Mwache humo nusu saa kamili baada ya mashavu kuacha kucheza, kwa sababu usingizi mzito hufanana na kifo. Kisha mzike ardhini, mbali na maji, na maji ya chombo hicho uyamwage penye udongo mkavu. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na kama una jeraha mkononi vaa glavu kila unapoingiza mkono tangini, kwa kuwa kuna bakteria wa samaki wanaoweza kuingia kwenye kidonda cha binadamu na kukifanya kisipone kwa miezi.